Hesabu Mapengo

Faili limerudi tena kutoka kwa watu wa bima,
limebandikwa kikaratasi cha waridi: *idadi haioani.*
La tatu wiki hii, na leo ni Jumanne tu.
Feni ya chumba cha rekodi inazunguka juu yangu
kama mtu anayetafuta funguo nyumbani kwake.

Nalifungua. Meshak Otiato, miaka arobaini na sita,
mpakiaji wa miwa, Chemelil.
Pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele ya tano,
polepole, msimu baada ya msimu, mzigo baada ya mzigo,
hadi siku aliyoanguka kutoka juu ya trela.
M ni herufi ya maradhi yanayokuja kwa miguu.
S ni ya majeraha yanayokuja mbio.
Daktari ameandika kuteleza, nami siandiki nisichokisoma:
M, arobaini na tatu, nukta moja.
Kuanguka nako kuna namba zake,
nyingi kuliko za kusimama.

Kisha upasuaji. Kuunganisha pingili,
kuanzia ya nne ya kiuno hadi ya kwanza ya nyonga.
Mwezi uliopita nilizihesabu kwa ncha ya kalamu
(nne, tano, na ile ya chini)
nikaandika: tatu.

Bi. Zilpa, aliyenifunza kazi hii
kabla hajastaafu kwenda kufuga kuku Luanda,
angenigonga kidole kwa rula.
*Ukijenga ua, nguzo tatu, mapengo mangapi?*
Mawili, Bi. Zilpa.
*Basi mpasuaji haunganishi nguzo, mwanangu.
Anaziba mapengo. Hesabu mapengo.*

Mawili, basi. Kila pengo lilikuwa na gegedu lake
lililochakaa kama kandambili ya gerezani;
wakalikwangua, wakajaza chembe za mfupa
waliochota kwenye nyonga yake mwenyewe,
na hilo lina mstari wake peke yake,
mtu kujikopesha mwenyewe.
Skrubu sita, fito mbili.
Skrubu hufuata nguzo. Malipo hufuata mapengo.
Nilijua. Mchana ule kulikuwa na joto,
magugu ya ziwa yakinuka hadi dirishani,
nami nilijua.

Kuna mtu amesimama kwenye kidirisha.
Hakai, kukaa bado kunamuuma.
Mshipi wa plastiki umemkaza kifuani hadi kiunoni,
shati limefungwa vifungo viwili juu yake.
“Mimi ni Otiato,” anasema.
“Niliruhusiwa Ijumaa. Sijaruhusiwa kutoka.
Mlinzi wa lango anataka karatasi,
mhasibu anasema karatasi iko kwako.”

Ningeweza kumwambia mtandao ulikatika.
Huo uongo tunao tayari, umekunjwa vizuri, kila mtu hapa anautumia.
“Ni mimi,” nikasema. “Niliandika tatu, ni mbili.
Nilihesabu mifupa yako.”

Akaanza kucheka, akajizuia katikati,
kicheko kikamkamata mahali panapouma.
“Sasa mimi ni namba gani?”

Nikamwambia: ukirudi hapa, au uende Kakamega,
ukiumwa jino, ukivunjika mkono,
yeyote atakayelifungua faili lako
ataandika Z, tisini na nane, nukta moja.
Aliyekwisha kuunganishwa.
“Haifutiki?”
Haifutiki.

Akaomba kalamu. Akaandika kiganjani,
tisa, nane, moja, akapuliza wino ukauke.
“Nitaicheza Jumamosi,” akasema. “Hii imenigharimu,
lazima inilipe.”

Nikafuta tatu. Nikaandika mbili. Mhuri. Tarehe.
Nilipompa karatasi ilimponyoka, ikaanguka sakafuni
upande wake wa kidirisha, mahali nisipopafikia.
Hakuinama.
Alishuka kwa magoti, mgongo wima,
kama mtu anayetua debe la maji
alilolichota mbali,
na hakuna hata tone lililomwagika.